Homa ya Bonde la Ufa ya 2007 Dodoma: ilikuja na mifugo kutoka kaskazini au ilikuwa imelala mbugani kwetu?

#1 MwanaKongwa
Mbukwenyi wadau.

Mwaka 2007 nilikuwa kidato cha pili, Kongwa. Mvua za msimu ule hazikukatika, mpaka korongo lililo nyuma ya nyumba yetu likageuka mto. Mwezi wa pili mbuzi wa baba wakaanza kutupa mimba: leo mmoja, kesho watatu, hadi zizi likanuka. Jirani aliyekuwa akitusaidia kuwatoa wale wanambuzi waliokufa akashikwa na homa, akatokwa damu puani na kwenye fizi. Siku ya sita tulimzika.

Baba amekufa akiamini ugonjwa uliletwa na mifugo iliyoshuka kutoka kaskazini. Babu yangu mdogo alimbishia hadi mwisho kwamba ulikuwepo ardhini tangu zamani. Juzi nimesoma kuwa wataalamu walisoma vinasaba vya kirusi cha mlipuko ule wakakuta koo zaidi ya moja: nyingine ipo Kenya na kwetu, nyingine imeonekana Tanzania tu.

Swali langu: je, vinasaba vinaweza kutuambia kirusi kilipita njia gani hadi kufika Kongwa? Nataka kujua kati ya wazee wale wawili nani alikuwa sahihi.

#2 FusoLaKondoa
Baba yako alikuwa sahihi. Nimeendesha Fuso la mifugo miaka 19, minada yote ya Kanda ya Kati naijua. Ugonjwa ulianza Garissa, Kenya, Desemba 2006, Januari 2007 ukawa Ngorongoro, Februari ukawa Dodoma. Ukichora kwenye ramani unaona kabisa mstari unashuka. Kitu kinachoshuka hivyo kina miguu minne au kina magurudumu.

#3 Mdadisi_Area_D
Niongezee kwamba kirusi chenyewe kilitoka Afrika Kusini miaka ya 50 kikapanda huku. Na 2007 Tanzania tulipoteza watu 264.

#4 DaktariWaZizi
@Mdadisi_Area_D hapo kuna makosa mawili, nisahihishe kabla hayajasambaa.

Kirusi kilitambuliwa mara ya kwanza Kenya, kwenye kondoo karibu na Ziwa Naivasha, 1930 hadi 1931. Ndiyo maana kinaitwa cha Bonde la Ufa. Afrika Kusini ilipata mlipuko mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 50, labda ndiko ulikochanganya.

Namba 264 ni wagonjwa walioripotiwa Tanzania na Shirika la Afya Duniani, kati ya Januari na Mei 2007. Waliofariki ni 109. Na hata hao 109 msiwagawanye kwa 264 mkasema ugonjwa unaua watu wanne kwa kila kumi. Walioripotiwa ni waliozidiwa. Wengi wanaoambukizwa hupata homa kama ya malaria, wakanywa dawa, wakapona bila kujua. Ukiwahesabu wote, vifo ni chini ya asilimia 1.

Kuhusu mstari wa ramani @FusoLaKondoa, mvua nazo zilishuka hivyo hivyo. Mstari peke yake hautoshi.

#5 NesiWaChamwino
Huo uzi umenigusa. 2007 nilikuwa na mwaka mmoja kazini, kituo sitakitaja. Tulipokea mchinjaji wa kijijini akiwa amechanganyikiwa, haoni vizuri, tukamtibu malaria kali siku tatu. Hatukuvaa glavu mbili, hatukujua. Sampuli yake ya damu iliwekwa kwenye deli la barafu, gari likakwama matopeni, barafu ikaisha. Ilipofika haikufaa kitu. Yule mzee hayumo kwenye namba yoyote hapo juu.

#6 Kiteto_Boy
Pole sana dada. Naweka kambi hapa.

#7 BintiMaabara
Nimeona huu uzi usiku, nikasema nisilale kabla ya kuandika. Kazi yangu ni kuandaa sampuli kwa ajili ya mashine ya kusoma jenomu (yaani vinasaba vyote vya kiumbe), kwa hiyo @MwanaKongwa swali lako ni la kila siku kwetu.

Jenomu ya kirusi hiki ni RNA iliyogawanyika vipande vitatu: L ndicho kirefu, M cha kati, S kifupi. Jumla yake ni kama herufi 12,000; herufi ndivyo tunavyoita viungo vidogo vinavyopangana kwenye RNA. Kila kirusi kinapojinakili hukosea herufi hapa na pale, na kosa hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Tukiziweka jenomu nyingi pamoja tunachora mti wa ukoo: nani ndugu wa nani, na walitengana takriban lini.

Fikirieni alama za masikio ya ng'ombe. Ukimkuta ng'ombe mnadani Msalato Jumamosi ana alama ya ukoo fulani, unajua ametoka zizi la nani. Hujui kama alipitia Kondoa au Kiteto, wala kama alikuja kwa miguu au kwa Fuso. Vinasaba vinatoa undugu. Njia tunaikisia baada ya kuunganisha undugu huo na tarehe, mahali sampuli ilipochukuliwa na habari za minada.

Matokeo uliyosoma ndiyo hayo. Kwenye sampuli za Kenya na Tanzania za 2006 na 2007 zilipatikana koo tatu, zikapewa majina Kenya-1, Kenya-2 na Tanzania-1. Kenya-1 ilikuwa pande zote mbili za mpaka. Tanzania-1 ilikutwa kwetu tu.

#8 FusoLaKondoa
Si ndiyo hiyo sasa! Kenya-1 imekutwa kwetu. Imevuka. Kesi imekwisha.

#9 MzeeWaMvumi
Vijana, kesi ya mbuzi haiishi siku moja.

Mimi nimezaliwa kabla ya Uhuru. Mvua za El Niño za 1997 kuingia 1998 mbuzi walitupa mimba huku kwetu, nimeandika kwenye daftari langu. Na kabla ya hapo baba yangu alikuwa akituambia: mbuga ikijaa maji mpaka vyura walie mchana, ondoa mbuzi wenye mimba, peleka mlimani. Nani alimfundisha, kama ugonjwa ulikuja na lori 2007?

#10 DaktariWaZizi
Shikamoo mzee. Hiyo ya kuwapeleka mlimani ina sababu ya kitaalamu kabisa.

Kuna mbu wa jamii ya Aedes wanaotaga kwenye udongo wenye unyevu pembezoni mwa madimbwi ya mbugani. Mayai yale hayaanguliwi mpaka udongo ukauke kwanza, halafu ufurikwe. Yanaweza kukaa kwenye ufa wa udongo mkavu miaka kadhaa. Kenya mwaka 1982 watafiti walikusanya viluwiluwi vya mbu kwenye madimbwi ya aina hiyo, wakawalea maabara, na baadhi ya mbu waliokomaa wakakutwa na kirusi bila kuuma mnyama yeyote. Maana yake mama aliwarithisha kupitia yai. Udongo wa mbuga zetu, ule mweusi unaopasuka kiangazi hadi unaweza kuingiza mkono, unashika maji wiki nyingi mvua ikizidi.

Mvua ikizidi, mayai yanaanguliwa kwa pamoja, mbu wanauma mifugo, kisha jamii nyingine ya mbu, Culex, wanakamata damu yenye kirusi na kuisambaza. Kwa maelezo haya babu yake MwanaKongwa ndiye aliyekuwa sahihi, na Tanzania-1 ndiyo ushahidi wake.

#11 MkulimaBahi
Kwa hiyo sisi wa majaruba ya mpunga Bahi ndio tumelala na mayai chini ya kitanda?

#12 DaktariWaZizi
@MkulimaBahi jaruba lenye maji muda mrefu ni makazi ya Culex zaidi. Aedes hawa wanataka ardhi inayokauka na kufurika kwa zamu. Kwa hiyo mnaweza kuwa mnasambaza zaidi kuliko kuanzisha. Kingo za bwawa zinazokauka kiangazi ndizo za kuangaliwa.

#13 MkulimaBahi
Asante. Nitawaambia nyumbani kwamba sisi ni wasambazaji tu. Wali wetu lakini mnaendelea kuula.

#14 Abdi_Garissa
Hamjambo ndugu zetu wa Dodoma. Mimi ni wa Garissa. Huko kwenu mwasema ugonjwa ulitoka kwetu. Sisi huku wazee husema ulitoka Somalia. Nikipiga simu Somalia nadhani nitaambiwa ulitoka kwa mwingine.

Sisi tulipoteza watu 155 kati ya wagonjwa 684, Somalia 51 kati ya 114. Mwezi wa Disemba barabara zilikatika na mafuriko, hata chakula kilikuwa kinaletwa kwa ndege. Sasa nawauliza, ng'ombe wa Garissa alifikaje Kongwa ndani ya miezi miwili kukiwa na mafuriko hayo? Na biashara ya ng'ombe mpakani Namanga yaelekea wapi? Ng'ombe wa Tanzania ndio huja Kenya kwa sababu bei ni nzuri. Kama kirusi kilifuata biashara, kingepanda, hakingeshuka.

#15 FusoLaKondoa
@Abdi_Garissa hoja nzito, nakiri hiyo ya bei ni kweli. Nimewahi kushusha ng'ombe karibu na mpaka na najua walikwenda wapi. Lakini biashara siyo mwendo pekee. Kuna malisho. Mfugaji hafuati bei tu, anafuata nyasi, na mvua ile nyasi zilikuwa kila mahali. Kuna mahari, kuna mbuzi wa kupewa na mjomba. Hao hawapiti mnadani wala hawana kibali cha kusafirisha mifugo. Na Kenya-1 bado hamjanieleza ilifikaje.

#16 Mdadisi_Area_D
Pepo za kaskazi! Desemba hadi Machi upepo unavuma kutoka kaskazini mashariki. Mbu anabebwa. Hahitaji barabara wala kibali.

#17 BintiMaabara
Mbu kubebwa na upepo kunawezekana, ila mti wa ukoo hauwezi kutofautisha mbu aliyebebwa na upepo na mbuzi aliyebebwa na Fuso. Wote wawili wanaacha alama ileile: ukoo mmoja kuonekana sehemu mbili. Hapo lazima tutumie ushahidi mwingine.

@FusoLaKondoa mfano unaokusaidia wewe ni wa mwaka 2000. Ugonjwa ulitokea Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza nje ya Afrika. Jenomu zilipolinganishwa, kirusi cha kule kilikuwa ndugu wa karibu wa kile cha Afrika Mashariki cha 1997 na 1998. Mifugo inavushwa kwa meli kwenda Uarabuni kila mwaka. Kwa hiyo kusafiri kwa mbali kupo.

@DaktariWaZizi na wewe samahani, Tanzania-1 haithibitishi kwamba ukoo ulilala mbugani. Kutoonekana Kenya siyo sawa na kutokuwepo Kenya. Sampuli zilizosomwa zilikuwa chache. Kijiji kisichotoa sampuli hakimo kwenye mti. Yule mchinjaji wa @NesiWaChamwino, damu yake iliyoharibika njiani, huenda ilikuwa na ukoo wa nne. Au ingeonyesha kwamba Kenya-1 ilikuwepo Chamwino kabla ya wakati tunaodhani.

#18 NesiWaChamwino
Hiyo imeniuma upya. Tuliona tumepoteza majibu ya mgonjwa mmoja. Sikuwahi kufikiri tumepoteza na historia.

#19 MwanafunziUDOM
Naomba kueleweshwa. Kwa nini msisome jenomu ya kila mgonjwa kama kwenye korona, mkajua kijiji hiki kiliambukiza kile? Kwa korona tuliambiwa mpaka aina mpya ya kirusi imetokea nchi gani. Na si kirusi kinabadilika DNA kila wiki?

#20 BintiMaabara
Swali zuri mdogo wangu, na jibu lake ndilo linalotubana. (Ni RNA, siyo DNA.)

Korona ina herufi karibu 30,000 na hubadilika kama herufi mbili kwa mwezi. Ebola ya Afrika Magharibi ilikuwa na herufi karibu 19,000, inabadilika karibu mara 20 kwa mwaka, na zilisomwa jenomu 1,610, takriban asilimia 5 ya wagonjwa wote. Kwa wingi ule waliweza kuona kirusi kinahama wilaya hadi wilaya, kikivutwa na miji mikubwa iliyo karibu.

Kirusi cha Bonde la Ufa ni mzito kubadilika. Herufi mbili au tatu kwa mwaka kwenye jenomu nzima. Mlipuko wetu ulidumu takriban nusu mwaka. Maana yake sampuli ya Kongwa na ya Mpwapwa zinaweza kufanana herufi kwa herufi, na hujui ipi ilitangulia. Tunaweza kutenganisha koo zilizoachana miaka mingi. Kufuata kijiji hadi kijiji ndani ya msimu mmoja, hata ukiwa na mashine bora, herufi hazitoshi.

Na kuna tatizo jingine. Saa yetu ya kuhesabu miaka inategemea kirusi kinazaliana. Kikiwa ndani ya yai kavu, hakijinakili, hakikosei. Kinaweza kuamka baada ya miaka mitano kikiwa bado kijana. Sisi tukikisoma tutasema "huyu ni ndugu wa karibu sana wa wale wa Kenya, lazima ameingia juzi," kumbe amelala tu.

#21 MzeeWaMvumi
Hapo umenena mwanangu. Mtu aliyelala hazeeki.

#22 DaktariWaZizi
Nakubali kosa langu kuhusu Tanzania-1, nilikimbilia. Ila kuna maelezo ya tatu hatujayagusa: huenda kirusi hakilali wala hakisafiri sana. Kinazunguka polepole kila mwaka bila kelele. Utafiti wa Bonde la Kilombero ulikuta kingamwili, alama kwamba mwili umewahi kupambana na kirusi, kwenye mifugo iliyozaliwa baada ya mlipuko wa 2007, wakati hakuna aliyeripoti ugonjwa. Mbuzi mmoja akitupa mimba Kongwa leo, nani anaripoti? Tunasema ni majani, au amepigwa pembe.

#23 Kiteto_Boy
Mimi nasikia chanjo ndiyo ilileta. Mifugo ilichanjwa, mbuzi wakatupa mimba. Mzee wangu anasema hivyo mpaka leo.

#24 DaktariWaZizi
Usimpuuze mzee wako, kuna chembe ya kweli. Chanjo ya zamani, Smithburn, ni kirusi hai kilichopunguzwa makali, kilichotokana na mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Ikichomwa kwa mnyama mwenye mimba inaweza kuiangusha. Ndiyo maana tunasema usichanje wenye mimba.

Lakini hapa ndipo jenomu inatoa jibu safi kuliko yote tuliyojadili. Kirusi cha chanjo kina herufi zake zinazojulikana. Kama mlipuko wa 2007 ungekuwa wa chanjo, mti ungekiweka pale pale kwa Smithburn. Koo tatu za 2006 na 2007 haziko pale.

#25 BintiMaabara
Sahihi. Niongeze tahadhari moja: kwa sababu jenomu ina vipande vitatu, virusi viwili vikikutana ndani ya mnyama mmoja vinaweza kubadilishana vipande. L ya huyu, M ya yule. Kwa hiyo anayesoma kipande kimoja tu kwa kubana gharama anaweza kuchora mti wa uongo. Someni vyote vitatu.

#26 Mdadisi_Area_D
Mbona 2016 pia watu walikufa huku Dodoma na Manyara, matumbo yanajaa, macho ya njano, tukaambiwa kirusi kipya? Hicho mlikisoma?

#27 NesiWaChamwino
Ile haikuwa kirusi. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu, kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Watu 20 walifariki. Ungeleta mashine za vinasaba kumi usingepata kitu, jibu lilikuwa ghalani. Tafadhali wenye mahindi mwaka huu kausheni vizuri, anikeni juu ya turubai, msianike chini.

#28 Abdi_Garissa
Nimejifunza mengi. Swali kwa dada wa maabara: huo mti ukirudi nyuma kabisa wafika wapi? Mzizi uko kwetu au kwenu?

#29 BintiMaabara
Mwaka 2007 zilichapishwa jenomu kamili 33 kutoka sehemu mbalimbali za Afrika na Uarabuni. Zote zilitofautiana kwa asilimia 5 hivi tu, na babu yao wa pamoja akakadiriwa kuishi mwishoni mwa karne ya 19. Ni kipindi ambacho ng'ombe na kondoo wa Ulaya walianza kuletwa kwa wingi Afrika Mashariki. Wanyama wasio na kinga kwenye ardhi yenye kirusi cha zamani. Kwa hiyo Abdi, mzizi wenyewe huenda unahusu meli kuliko Garissa au Kongwa.

#30 MzeeWaMvumi
Miaka hiyo ndiyo ya sotoka. Babu zetu walisimulia ng'ombe walikufa mpaka tai wakashindwa kuruka. Halafu mifugo mipya ikaja. Mpwapwa kituo cha mifugo kipo tangu Mjerumani.

#31 FusoLaKondoa
Mnaona? Wameletwa. Nimesema tangu post ya pili, vitu huletwa.

#32 MwanaKongwa
Nimewasoma wote, asanteni. Nilitaka kujua nani alikuwa sahihi kati ya baba na babu mdogo. Naona baba anashikilia Kenya-1, babu anashikilia mayai ya mbugani, na Daktari ameniletea mgeni wa tatu ambaye hakuwepo hata kwenye ubishi wao.

Swali la mwisho: msimu huu mvua zikizidi tufanye nini ili safari hii Kongwa tuwemo kwenye huo mti?

#33 DaktariWaZizi
Mbuzi wawili watatu wakitupa mimba wiki moja, usisubiri wa nne. Usiguse kwa mikono mitupu, usiwape mbwa, usinywe maziwa mabichi ya zizi hilo, usichinje anayeumwa. Mpigie bwana mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Damu na kipande cha ini achukue yeye, ziingie kwenye barafu, na barafu ibadilishwe njiani. Waambie waandike jina la kijiji, siyo wilaya tu. Nimeona sampuli zimeandikwa "Dodoma", na Dodoma ni kubwa.

#34 BintiMaabara
Na tarehe. Sampuli bila tarehe ni kama ng'ombe asiye na alama.

#35 MzeeWaMvumi
Daftari langu lina tarehe. 1997, 1998, 2006, 2007, siku mvua ilipoanza, siku mbuzi wa kwanza alipotupa, zizi la nani. Mchwa wamekula kurasa za mwanzo, za 2007 ziko salama. Anayetaka kuzinakili aje Mvumi.

#36 MwanaKongwa
Shikamoo mzee. Nakuja Jumamosi, nitapitia Msalato kwanza. Zizi la baba limo?

#37 MzeeWaMvumi
Marahaba. La Kongwa halimo, niliandika ya huku tu. Lakini kuna mbuzi sita niliowanunua Kibaigwa, huko huko Kongwa, Januari 2007, na wawili kati yao ndio walianza. Njoo uone tarehe.

#38 FusoLaKondoa
Mzee, uliwaleta kwa gari gani?